Kudoea Si Kuiba

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati na kalamu mbili za serikali, nikatia sahihi mahali pa kutia sahihi, nikaenda zangu nyumbani Chakol. Vijana niliowaacha kwenye meza ya wakalimani waliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya vipaza sauti na kabla ya mawakili kujaa mahakamani kama leo. Nimekubali, ila habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za maneno, kwa sababu ndiyo mizigo tuliyoajiriwa kubeba, na mmoja wa mizigo hiyo niliwahi kuuangusha nikiwa bado mgeni kazini.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya sabini katika mahakama ndogo huku mpakani. Hakuna haja ya kuitaja. Wengi wa niliofanya nao kazi hapo wamekwisha kufa, na jengo lenyewe lilishageuzwa ghala. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti. Kiteso nilizaliwa nacho. Kisamia na Kimarachi nilivipata sokoni, Kiganda kwa shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kiingereza kwa masista wa shule. Kiswahili nilikiokota njiani kama watu wengi wa bara, ngeli nyingine nikazikuta, nyingine sijazikuta mpaka leo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Biblia moja ya kuapishia, iliyokuwa imelegea mgongo. Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, ambao nilikatazwa kuugusa mpaka nimenawa. Daftari, penseli mbili, na kamusi ya Kiingereza isiyokuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo kila neno la Kiingereza lililoanza kwa A nililikisia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Wandera, mtu wa Marachi, mwembamba, mwenye kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Alikikohoa tu pale mkalimani alipokosea. Yeye alikuwa ametafsiri tangu enzi za wakoloni na alibakiza miaka michache astaafu.

Siku yangu ya kwanza, shahidi alikuwa bibi mmoja mzee aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba. Alieleza kwa muda mrefu, hakimu akatupia jicho saa ya ukutani. Yule bibi akaniambia kwa Kiteso, "Mwambie huyu kijana asikilize kwa masikio, si kwa tumbo. Anatazama saa kwa sababu ana njaa."

Nikageuka kwa hakimu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha masista kwamba shahidi anaiomba mahakama imvumilie kidogo.

Mzee Wandera akakohoa. Kisha akasimama. "Mheshimiwa," akasema, "shahidi amesema unatazama saa kwa sababu una njaa."

Hakimu alikuwa mtu wa kutoka mbali, mwenye Kiingereza cha vitabu na Kiswahili cha kuagizia chai. Alitazama saa, akamtazama bibi, akaandika. "Mwambie ni kweli," akasema. "Na mwambie aendelee."

Wakati wa chai Mzee Wandera alinikalisha kwenye benchi la nje. "Binti yangu, ukisikia tusi, tukana. Mtu akisema 'niliua', wewe sema 'niliua', usiseme 'anasema aliua'. Sukari utie kwenye chai yako, usitie kwenye maneno ya watu."

Nikashika hivyo. Mwaka ule wa kwanza nilikiri kwa kinywa changu kwamba nimepika chang'aa, nimeoa wake wawili bila kumalizana na wa kwanza, na nimevusha kahawa ya magendo kwa baiskeli. Magendo ya kahawa ndiyo yaliyotujazia mahakama siku hizo. Kuna bwana aliyeapa kwamba gunia lile ni chakula cha kuku. Nikatafsiri bila kucheka, na hiyo pia ni sehemu ya kazi.

Sasa niingie katika kesi yenyewe.

Ng'ambo ya pili serikali ilikuwa ya wanajeshi, na kila wiki watu walivuka kuja kwetu, wengine kwa daraja la Malaba, wengine kwa vichaka. Walikuwa walimu, makarani, wahudumu wa hospitali. Mmoja wao aliitwa Owori, mtu wa upande wa Tororo, wa umri wa miaka arobaini hivi. Kwao alikuwa dresa, yule anayesafisha vidonda na kufunga bandeji hospitalini. Alivuka na shati moja na kofia. Nyumba yake ilichomwa na vyeti vyake vikiwa ndani, na bila vyeti hakuna aliyethubutu kumpa sindano ashike. Vibarua vya kubeba magunia alivijaribu, mgongo ukamkataa.

Kwa hiyo Owori aliishi kwa kuzunguka. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na mchana alitokea kwenye nyumba za watu. Alitokea saa saba kasoro, mikono ikiwa tayari imenawa. Busia nzima ilimjua. Wengine walimcheka, wengine walifunga mlango wakiona kofia yake inakuja.

Nyumba aliyoipenda zaidi ilikuwa ya Mzee Hamisi, mfanyabiashara Mwislamu mwenye malori mawili na yadi ya kuyaegesha huko Malaba. Mkewe, Mama Zaituni, alizaliwa Pwani na akaja bara kwa kuolewa. Alipika wali ambao harufu yake ilifika barabarani kabla ya mpishi mwenyewe kukuita. Mzee Hamisi alikuwa mtu mwema ila mkali, na hakumpenda Owori. Alisema mwanamume mwenye miguu na mikono haji kula kwa mwanamume mwenzake kila siku.

Alasiri moja redio ya Mzee Hamisi ikapotea sebuleni. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ndiyo iliyokuwa ikiwakusanya majirani kusikiliza habari za ng'ambo. Jirani mmoja akasema amemwona Owori akitoka pale nyumbani na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mzee Hamisi hakuuliza mara ya pili. Alikwenda polisi.

Siku ya kesi, Ijumaa, Mzee Wandera hakuja, mguu ulimvimba. Nikawa peke yangu mezani.

Owori alisimama kizimbani, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Hakuwa na wakili. Jirani alieleza habari ya gazeti. Mzee Hamisi alieleza habari ya redio. Kisha akaitwa Mama Zaituni, akaapa kwa Msahafu. Mwendesha mashtaka, inspekta aliyekuwa zamani askari wa jeshi, akamuuliza anamjuaje mshtakiwa.

"Huyu bwana alikuwa akidoea kwangu," akasema Mama Zaituni. "Haipiti siku hajaja kudoea."

Ndugu zangu, mimi sikulijua lile neno. Nilikuwa nimelisikia labda mara moja, kwa mbali. Huku kwetu tulikuwa na namna zetu nyingine za kulisema jambo hilo, katika Kiteso na katika Kisamia, lakini 'kudoea' lilikuwa neno la Pwani. Lilinijia kama mgeni asiyejitambulisha. Ningepaswa kusema, "Mheshimiwa, naomba shahidi aeleze." Kulikuwa na watu wengi mle ndani, na nilikuwa na miezi minne tu kazini. Niliona haya mtu wa Chakol aonekane hajui Kiswahili.

Nikakisia. Nikakumbuka neno moja la Kiingereza la Sista aliyetufundisha. Alipotukuta tunaombana penseli na vipande vya chaki, alipiga kelele, "Stop scrounging!" Nikaona linafaa. Nikasema kwa sauti kubwa, kana kwamba nina uhakika, "He was scrounging from me. Not a day passed without him scrounging."

Hakimu akainua kichwa. Akarudia lile neno taratibu. Inspekta alikuwa tayari amesimama.

"Mheshimiwa," akasema kwa Kiingereza, "mimi nilikuwa jeshini kabla ya sare hii. Jeshini neno hilo tunalijua. Askari akisema amescrounge blanketi, karani wa stoo amepungukiwa na blanketi. Mke wa mlalamikaji mwenyewe ametuambia kwamba mshtakiwa alikuwa na tabia hiyo kila siku. Siku ile alihamia kwenye kitu kikubwa."

Hakimu akaandika. Niliona kalamu yake inakwenda na sikujua inaandika nini.

Owori akainua mkono. "Mheshimiwa, neno hilo silo..."

"Utapata nafasi yako," hakimu akamwambia.

Alipopata nafasi hiyo, alisema hakuiba. Kila mshtakiwa husema hivyo. Alipoulizwa kulikuwa na nini ndani ya gazeti, alinyamaza, akatazama sakafu. Mama Zaituni, aliyekuwa ameketi nyuma kando ya mumewe, naye akatazama sakafu. Inspekta akaomba kwamba mshtakiwa akipatikana na hatia, baada ya kifungo arudishwe kwao. Hukumu ikapangwa kutolewa Jumatatu.

Kurudishwa kwao. Kila mtu mle ndani alijua maana yake siku zile. Tulikuwa tumesikia habari za waliorudi.

Askari walipokuwa wakimtoa Owori, alipita karibu na meza yangu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, umekosea. Mama alisema ninakula kwake. Wewe umesema ninachukua."

Jumamosi asubuhi nilipanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, nimekaa upande kama gunia la mtama, mpaka Marachi kwa Mzee Wandera. Nilimkuta nje, mguu kwenye kigoda. Nilimweleza yote. Hakukohoa. Alimtuma mkewe alete kamusi yake, ambayo ilikuwa nzima, akaifungua pale kwenye S na kunipa nisome.

Nikasoma. Lile neno lilikuwa na maana mbili. Moja ilikuwa kupata vitu kwa kuombaomba kwa watu badala ya kujitafutia. Ya pili ilikuwa kuchukua bila ruhusa.

"Umeona?" akasema. "Neno lenye milango miwili halipelekwi mahakamani. Wewe umeingilia huu wa Sista, inspekta akatokea ule wa jeshi. Wote mmesema kweli, na mtu anafungwa."

"Nifanye nini, mzee?"

"Umewahi kumwona mkalimani akisimama kujirekebisha?"

"Hapana."

"Mimi pia ni mara chache. Hakimu anaweza kukasirika. Karani mkuu atasema hujui kazi, na wewe uko kwenye majaribio." Akaufunika mguu wake kwa shuka. "Lakini nitakuambia nilivyoambiwa mimi. Mkalimani akikosea kwa sauti, arekebishe kwa sauti. Usimfuate hakimu ofisini, usimfuate yule mama nyumbani. Ukizungumza na shahidi pembeni, hata ukweli wako utanuka."

Nilitamani kwenda kwa Mama Zaituni. Niliporudi mjini nilipita mbele ya mlango wake, nikamwona amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alininyanyulia mkono. Nikaendelea kutembea. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko hilo.

Jumatatu Mzee Wandera alikuja akichechemea na bakora. Hakuja mezani, alikaa nyuma na watu. Hakimu alifungua jalada. Kabla hajaanza kusoma nikasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Mkalimani unataka kutoa ushahidi?"

"Hapana, mheshimiwa. Nataka kurekebisha kosa langu. Shahidi alitumia neno ambalo sikulijua vizuri. Nilikisia. Neno la Kiingereza nililolitoa lina maana mbili, na moja kati ya hizo shahidi hakuisema."

Inspekta akapinga. Akasema kumbukumbu ya mahakama haibadilishwi kwa sababu mkalimani amelala vibaya. Karani mkuu alinitazama kama mtu anayepima kitambaa cha sanda. Hakimu alishika kalamu yake kwa mikono miwili.

"Ulijua lini kwamba umekosea?" akaniuliza.

"Ijumaa hiyo hiyo, mheshimiwa. Mshtakiwa aliniambia akipita, na Jumamosi nikahakikisha kwenye kamusi."

"Na umezungumza na shahidi?"

"Hapana. Nilimwona, sikumsemesha."

Hakimu akafunga jalada. "Aitwe tena. Na safari hii, mkalimani, usinipe neno moja kwa neno moja. Akieleza maneno mia, nipe mia."

Mama Zaituni akaja mbele, buibui limemteleza kichwani, akaapa upya.

"Muulize, kudoea ni nini?"

Nikamuuliza. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza maji ni nini. "Kudoea ni kwenda kwa watu saa ya kula bila kualikwa, ukakaa hapo mpaka wakukaribishe."

"Na akikaribishwa?"

"Anakula. Huyu anakula vizuri sana."

Watu wakacheka. Nikatafsiri, na hakimu mwenyewe akajikuna kidevu.

"Je, mtu anayedoea huchukua kitu bila mwenye nyumba kujua?"

"Bwana hakimu," akasema Mama Zaituni, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda, "mwizi hapigi hodi. Huyu hodi yake mpaka watoto wanaijua. Anapiga mara tatu. Anauliza habari ya wagonjwa. Anauliza habari ya malori. Halafu anasema, 'Kumbe nimewakuta mnakula, basi nitarudi.' Na haondoki. Anakaa! Mwizi anakuja na gunia, mdoezi anakuja na tumbo. Hayo mawili hata mtoto hayachanganyi."

Nilimpa hakimu maneno yote, hodi kwa hodi. Aliandika na lile neno lenyewe kwa herufi zake, akaniuliza linavyoandikwa.

"Na mlimkatalia?"

"Mimi sikumkatalia. Chakula kilikuwepo."

Inspekta akasimama. "Muulize basi, ndani ya gazeti kulikuwa na nini?"

Aliuliza akidhani amemkamata. Mama Zaituni akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amekaa wima na kofia yake nyeupe.

"Chapati," akasema. "Chapati nne, na maharage kwenye kopo. Nilimfungia mimi mwenyewe."

"Zaituni!" Mzee Hamisi akasema kutoka kule nyuma.

"Ulinikataza kumpa cha kubeba," akamjibu palepale, kama vile wako nyumbani. "Ulisema ale hapa aondoke mikono mitupu. Sasa angekula nini usiku? Nikampa. Na ungeniuliza, ningekuambia. Wewe ulikwenda polisi kwanza."

Hakimu akagonga meza. Sikujua kama nitafsiri na hayo ya mume na mke. Nikatazama nyuma, Mzee Wandera akaitikia kwa kichwa. Nikatafsiri yote.

Ndipo nikamtazama Owori, na kicheko kikaniisha. Alikuwa amesimama kizimbani, machozi yanamtoka bila sauti. Angeweza kutuambia habari ya chapati tangu Ijumaa. Alinyamaza ili asimgombanishe yule mama na mumewe, naye yule mama alinyamaza kwa woga. Na sasa, ili aokoke, ilibidi mji mzima usikie kwa utaratibu jinsi anavyopiga hodi, jinsi anavyokaa, na idadi ya chapati. Alikuwa mtu aliyewahi kuvaa koti jeupe na kuitwa daktari na wagonjwa. Ukweli ule ule uliomwokoa ulimvua nguo mbele ya watu.

Hakimu alimwachilia saa hiyo hiyo. Redio haijapatikana mpaka leo.

Mimi niliitwa ofisini kwa hakimu. Nilidhani ndiyo safari ya Chakol. Aliniambia maneno mawili tu: tangu siku hiyo, neno likileta utata, liandikwe kama shahidi alivyolisema, na shahidi alieleze mwenyewe. Nyinyi mnafanya hivyo kila siku na mnadhani ni kanuni iliyoshuka na mvua. Kama nilithibitishwa kazini au la, hesabuni wenyewe miaka niliyokaa pale.

Jambo lililonisumbua baadaye lilikuwa Owori. Aliacha kuja kwenye nyumba za watu, hata ya Mama Zaituni. Nilimkuta siku moja nje ya kanisa, mashavu yameingia ndani. Nilikuwa nimetumwa.

"Mama Zaituni anasema chakula kinapoa," nikamwambia.

"Mshukuru sana. Lakini dada Amoit, nikipiga hodi sasa, watoto watacheka. Watahesabu. Moja, mbili, tatu."

Nilikuwa na lugha sita na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu.

Aliyelipata jibu ni Mzee Hamisi, mtu ambaye sikumtegemea. Dereva wake mmoja alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado moto, maji yakamuunguza mkono wote. Hospitali walimpa dawa, lakini kidonda kilihitaji kusafishwa kila siku, na yeye hakutaka kulazwa. Mzee Hamisi akaja kanisani mwenyewe. Owori alinisimulia jinsi mzee huyo alivyosimama pale mlangoni, hasogei wala haondoki, kama mtu aliyekuja kukopa chumvi. Kuomba radhi hakukuwa tabia yake.

"Wewe si dresa?" akauliza.

"Sina cheti, mzee."

"Sikuuliza cheti. Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo."

Owori alikwenda. Alichemsha maji, akakata shuka kuukuu vipande, akauosha ule mkono asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Mkono ukapona na vidole vyote vikikunjika. Madereva wana midomo. Habari ikafika Malaba kabla ya lori kufika. Mwisho wa mwaka Mzee Hamisi alikuwa amempa chumba kidogo kwenye yadi yake, na madereva wakimletea bandeji na spiriti kutoka safari zao. Waliojikata, waliochomwa na bomba la moshi, walioumwa na mbwa, wote walipita kwake. Kidonda kikiwa kikubwa alikikataa na kumsindikiza mtu mpaka hospitali. Kila Ijumaa, Mama Zaituni alimtumia mtu wa kumwita kula. Owori alikuja, na akiwa mlangoni bado alisema, "Kumbe nimewakuta mnakula, basi nitarudi." Mazoea hayo hayakumwisha, na Mzee Hamisi alikuwa akimjibu, "Rudi hapa, kaa."

Alikaa nasi miaka ya sabini karibu yote. Kisha vita vikaja kule ng'ambo, ile serikali ikaondoka, na watu wakaanza kurudi makwao. Owori naye akaaga.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka darajani Malaba, kundi zima. Mizigo yake ilijaa mkokoteni mmoja: sufuria, blanketi, mkeka, ndoo, koti la mvua, mkungu wa ndizi, na kuku jike aliyefungwa miguu. Pale kizuizini alikuwepo ofisa mpya, kijana wa kutoka mbali ambaye hakujua mtu wala lugha ya pale. Alizunguka mkokoteni mara mbili.

"Mzee, vitu hivi vyote umenunua wapi? Risiti ziko wapi?"

"Sikununua hata kimoja," Owori akasema.

Ofisa akanyoosha mgongo. "Una maana gani hukununua?"

Nikasogea mbele nimsaidie kueleza. Nilikuwa nimeshafungua kinywa Mama Zaituni akanipita.

"Hizo sufuria zangu mimi. Nimempa."

"Blanketi yangu hiyo, boss," akasema dereva, akikunja mkono wenye kovu. "Nimempa mimi."

Mama mmoja wa Samia akaushika mkeka na kusema kwa Kisamia kwamba aliusuka kwa mikono yake. Bibi mmoja akamwonyesha ofisa yule kuku, akajigonga kifua, akamwonyesha Owori kwa kidole, huku akizungumza Kiteso kwa kasi. Mtu wa ndizi akaeleza kwa Kiganda. Kila mmoja alikuwa anaeleza kwa wakati mmoja na mwenzake, na Mzee Hamisi, ambaye alikuwa ametoa lile koti la mvua, alikuwa kimya, ameushika mkono wa koti ili lisianguke.

Ofisa alitazama nyuso zote zile. "Nimeelewa," akasema. "Jamani, nimeelewa. Pita, mzee."

Akakiinua kizuizi. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale na kinywa wazi, mkalimani wa serikali, sijatafsiri hata neno moja. Owori akamtia kuku kwapani, vijana wawili wakasukuma mkokoteni, akavuka. Tulimpungia mikono mpaka kofia yake ikapotea kati ya vichwa vya watu wengi waliokuwa wakirudi kwao.